Ukingo wa Chapa

Watoto wa Izimbya, kama watoto wa vijiji vingine vingi vya Bukoba, huunda magari kwa makopo, maboksi na vijiti, wakayatia magurudumu yaliyokatwa katika kandambili zilizochakaa. Gari likiisha kuundwa halijawa gari bado. Hubaki jambo moja, nalo ni kuandikwa jina. Mtoto huchukua kalamu, au kipande cha mkaa, akaandika ubavuni jina la basi alionalo likipita njiani, na tangu hapo kopo la mafuta hugeuka basi ambalo watoto wenziwe hukubali kulilipia nauli ya vizibo vya soda. Mwandiko ule ukifutwa na mvua, ugomvi huzuka juu ya kile kilichobaki: wengine hudai kuwa ni basi lile lile, na wengine hudai kuwa ni kopo. Katika ugomvi huo mdogo limo swali ambalo wanafalsafa wamelisumbukia kwa karne nyingi, na ambalo mtu mzima hujidanganya kwamba amelipita kwa sababu tu ameacha kucheza njiani.

Mwandiko wa mkaa hauna hila. Kila autazamaye hujua kuwa mtoto ameuandika. Iko, hata hivyo, sanaa ya watu wazima iliyo ndugu ya mchezo huo, ambayo maandishi yake hutiwa kwa njia nyingine. Waundaji wa modeli za plastiki, ambao sanaa yao ilienea Ulaya, Marekani na Japani hasa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, hununua sanduku lenye vipande vya ndege au meli, mathalani kwa kipimo cha 1 kwa 72, ambacho kila sentimita moja ya modeli husimama mahali pa sentimita 72 za chombo chenyewe. Alama za chombo, yaani jina, nambari, bendera, na maonyo madogo madogo yaliyo karibu na milango na matangi, haziandikwi kwa mkono. Ni mikono michache mno iwezayo. Herufi yenye kimo cha sentimita 18 ubavuni mwa ndege huwa na kimo cha milimita 2.5 katika modeli. Kwa sababu hiyo alama hizo hupigwa chapa kiwandani juu ya karatasi, nazo huitwa dikali.

Kuihamisha chapa kutoka karatasini hata mwilini mwa kitu si jambo jipya. Mwaka 1756, katika mji wa Liverpool, John Sadler na Guy Green waliapa kwamba kwa muda wa saa 6 walipiga chapa juu ya vigae zaidi ya 1,200, kazi ambayo wachoraji wengi wa mkono wasingaliiweza kwa muda huo. Sahani zenye maua zikaingia katika nyumba za watu wa kawaida, na mlaji alipomaliza wali wake akaliona ua, hakuuliza ni nani aliyelichora.

Dikali ya maji imefanywa kwa tabaka. Chini ni karatasi; juu yake ni gundi iyeyukayo majini; juu ya gundi ni utando mwembamba usio na rangi, na utando huo ndio ushikao wino. Fundi hukata alama aitakayo, akaichovya katika maji ya uvuguvugu, akangoja kidogo, kisha akaitelezesha juu ya modeli kwa brashi iliyolowa. Mwanafunzi hudhani kazi imekwisha, na kumbe hapo ndipo inapoanza. Maana utando, hata uwe mwembamba namna gani, una ukingo, na ukingo huo huonekana mwangani. Tena mwili wa modeli si kioo: una mifereji iliyo mahali pa maungio ya mabati, una vichwa vya ribiti, una mabonde na vilima. Utando mgumu hupita juu ya mabonde hayo kama turubai lililotandazwa juu ya shimo. Hewa hubaki chini, na hewa hiyo hung'aa weupe kama fedha. Alama yenye ugonjwa huo hujitangaza yenyewe kuwa imebandikwa.

Kinga ya kwanza ni kuupaka mwili rangi ya kung'aa kabla ya lolote, kwa kuwa rangi iliyofifia ina uso wa chembechembe kama njia ya changarawe, na hewa hupenda kujificha humo. Dawa yenyewe ni maji ya namna mbili. Kampuni ya Microscale ya Marekani huyauza kwa majina ya Micro Set na Micro Sol, na wako wengine wauzao yafananayo nayo. Ya kwanza, yenye harufu ya siki, hupakwa mahali alama itakapokaa, yakaondoa mafuta na kuisaidia alama kushika. Ya pili ni makali zaidi: huulainisha utando wenyewe hata ukakosa nguvu ya kujisimamia, ukalala juu ya kila ribiti na kuingia katika kila mfereji, ukawa kama rangi iliyopakwa kwa brashi. Na katikati ya tendo hilo liko jambo la kutisha. Kabla ya kulala, utando hukunjamana. Alama iliyokuwa safi huwa kama ngozi ya maziwa yaliyochemka, na fundi asiyezoea huona kwamba ameiharibu, akataka kuinyosha kwa kidole. Na kidole hicho ndicho kiharibucho, kwa sababu wakati huo utando hauna nguvu ipitayo ile ya ute wa yai. Ajuaye huondoka mezani. Akirudi, makunyanzi yamekwisha yenyewe. Panapobaki hewa hupatoboa kwa ncha ya sindano, akatia maji tena. Mwisho hupaka vanishi juu ya yote, na ukingo hauonekani kwa jicho wala hausikiki kwa ukucha.

Sasa laja swali. Je, kuuficha ukingo ni uongo?

Asemaye kuwa ni uongo hakosi hoja. Alama ile haikuandikwa na mkono wa fundi, wala haikuzaliwa mahali ilipo. Ilitoka kiwandani pamoja na nyingine maelfu zilizo sawa nayo, na kazi yote ya maji yale ni kuondoa ushahidi wa safari hiyo. Katika mambo mengine ya maisha, mtu aondoaye ushahidi hashukiwi kwa bure. Aflatuni, katika kitabu cha kumi cha Jamhuri yake, alimweka mchoraji mahali pa tatu kutoka kwenye kweli: kiko kitanda kilicho asili ya vitanda vyote, kiko kitanda cha seremala, na kiko kitanda cha mchoraji ambacho hapana mtu akilalaye. Fundi wa modeli angestahili mahali pa nne, maana yeye huiga kwa vipande ambavyo mwingine amekwisha kuviiga.

Lakini hoja ya Aflatuni ni pana kupita kiasi. Ikiwa kila mfano ni uongo, basi neno uongo halitofautishi tena mchoraji na mwizi wa hati, na hukumu isiyotofautisha haisaidii kitu. John Ruskin, Mwingereza, alikuwa makini zaidi katika kitabu chake juu ya taa saba za ujenzi, kilichotoka mwaka 1849. Alilaumu kwa ukali kuta zilizopakwa rangi ili zidhaniwe kuwa ni za jiwe la namna nyingine. Ila hakulaumu dhahabu inayopakwa juu ya majengo, kwa kuwa hapana mwenye akili adhaniaye kuwa jengo zima ni dhahabu. Katika vipuli na pete, jambo lile lile alilihesabu kuwa udanganyifu, maana huko mtu hutazamia dhahabu hasa. Kipimo chake basi hakikai katika mikono ya fundi peke yake. Hukaa katika matarajio ya mtazamaji. Kwa kipimo hicho modeli ina usalama mkubwa. Hapana abiria atakayekata tikiti ya meli yenye urefu wa dhiraa moja. Udogo wake ni ungamo lake, na ungamo hilo husikika kabla ukingo wa dikali haujatafutwa.

(Picha, kwa kweli, huuondoa udogo. Modeli njema ikipigwa picha na mtu stadi huweza kusimama mahali pa chombo chenyewe, na watengenezaji wa filamu wameitumia hila hiyo kwa miaka mingi. Ila hapo wajibu umehama: anayeionyesha picha ndiye apaswaye kulirudisha ungamo alilolikata.)

Hata hivyo kipimo cha Ruskin hakimalizi jambo. Yeye alizungumza juu ya mawe na madini, na dikali si madini. Dikali ni neno. Na neno lina msemaji. Meli ilipoandikwa jina, aliyesema ni mwenye meli. Modeli ikiandikwa jina lile lile, fundi hasemi kwa kinywa chake: ananukuu. Anukuuye uongo wa mwongo si mwongo, maadamu ijulikane kwamba ananukuu. Katika maandishi ziko alama za kufungua na kufunga usemi, ambazo humtenga msemaji na msimulizi. Katika modeli, alama hizo za usemi ni ule ukingo wa utando. Kuuyeyusha ukingo ni kuzifuta alama za usemi, ili maneno ya mtu mwingine yawe mwili wa kitu chenyewe. Hapa ndipo penye uzito, si katika plastiki kuigiza chuma.

Kanga huonyesha jambo hili vizuri. Maneno yake hupigwa chapa kiwandani, na aghalabu aliyeyatunga hajulikani. Lakini mwanamke akiivaa mbele ya jirani yake, jirani hasemi kwamba ametukanwa na kiwanda. Wino umeingia katika uzi, hauna ukingo, na aliyeyavaa maneno ndiye mwenyewe. Kinyume chake chapatikana Kunduchi, katika makaburi ya kale yenye nguzo, ambamo wajenzi walipachika sahani na mabakuli ya kaure yaliyotoka ng'ambo. Ukingo wa sahani ulionekana wote. Hapana aliyejaribu kuuficha. Sahani ilibaki sahani, mgeni alibaki mgeni, na heshima ya marehemu ilitokana na ugeni huo. Izikwapo sahani katika chokaa huwa inanukuliwa kwa uwazi. Ivaliwapo kanga, maneno yake yamekwisha kuwa ya mvaaji.

Huko Ujerumani sheria ya jinai hukataza kuionyesha hadharani swastika na alama nyingine za chama cha Nazi, ila kwa makusudi machache kama vile elimu na sanaa. Watengenezaji wa modeli za ndege za vita vile hawataki kupambana na sheria hiyo. Baadhi yao huiacha alama kabisa. Wengine huipiga chapa ikiwa imegawanywa vipande, kila kipande mahali pake katika karatasi, na kipande kimoja hakina maana yo yote; mnunuzi akitaka alama nzima, na aiunge kwa vidole vyake mwenyewe juu ya mkia wa ndege. Wako wacheko kwa hila hii, nao hudhani ni ujanja wa biashara tu. Yamkini ni ujanja. Lakini matokeo yake ni ya ajabu. Kiwanda kimeukataa usemi, na msemaji amekuwa yule aliye mezani. Hawezi tena kujitetea kwamba aliikuta imeandikwa. Kila kipande amekitelezesha yeye, na makunyanzi ameyangoja yeye.

Mtu wa Bukoba hahitaji kwenda Ujerumani ili aulione jambo hili. Mwaka 1978 ndege za jeshi la Idi Amin ziliangusha mabomu katika mji wa Bukoba. Mzee aliyezisikia akiwa mtoto, akikuta leo katika kabati la mjukuu wake ndege ya vita yenye alama ya jeshi hilo, iliyolala vyema juu ya kila ribiti, atasema nini? Mjukuu atajibu kwa haki kwamba ameunda historia, na kwamba ndege isiyo na alama ingesema uongo zaidi, maana ingeonekana kana kwamba mabomu yaliangushwa na ndege isiyo ya mtu. Jibu hilo ni la kweli. Lakini mzee naye hajakosea, maana yeye haikuti nukuu: akili yake inajua kwamba ni plastiki, na masikio yake hayajui. Udogo, uliokuwa ungamo mbele ya wengine wote, kwake haukuungama kitu.

Na sasa mfano ulio karibu zaidi na Izimbya. Meli ya MV Bukoba ilizama katika Ziwa Viktoria asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, karibu na Mwanza, ikitoka Bukoba kwa njia ya Kemondo. Watu zaidi ya 800 walikufa, na wengi wao walizikwa Igoma. Meli ilikuwa na ruhusa ya kuchukua abiria 430. Taarifa zilisema kwamba orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili ilikuwa na majina 443. Yaani orodha peke yake ilikwisha kuipita ruhusa kabla hajahesabiwa hata mtu mmoja wa daraja la tatu. Na abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha.

Idadi ile ya 430 ilikuwa alama ya namna gani? Ilikuwa na kila sifa ya alama njema: ilitoka kwa wenye mamlaka, ilisomeka, ilieleweka. Ila haikugusa mwili. Ilipita juu ya meli kama utando mgumu upitavyo juu ya mfereji, na chini yake ilikuwa hewa. Fundi wa modeli angeutambua ugonjwa ule kwa mtazamo mmoja. Basi inawezekana neno lililo halali kwa mamlaka yake likawa limebandikwa tu, na inawezekana neno lililotoka karatasini likawa limelala barabara juu ya kile linachokitaja. Asiyetaka kudanganywa hupoteza wakati wake akitafuta ukingo tu. Na atafute pia kama pana kitu chini.

Na achukuliwe fundi wa kubuni, kijana wa Izimbya aliyepata ujuzi huu, ambaye ameamua kuiunda meli ile kwa mbao ya msonobari, kwa kipimo cha 1 kwa 100. Hapana sanduku la kiwandani la meli hiyo. Dikali itambidi azipige chapa mwenyewe kwa kompyuta. Jina haliwezi kumpa taabu. Ataliandika, atalilainisha, nalo litalala. Taabu yaja afikapo kwenye kibao kidogo cha idadi ya abiria, ambacho vyombo vya safari huwekewa. Aandike 430? Huo ndio usemi wa ruhusa, na modeli inanukuu. Aandike idadi ya waliokuwamo? Hapana orodha iwezayo kumpa. Aache wazi? Basi atakuwa ameifichia ruhusa aibu yake.

Yafaa aandike 430, na yafaa ailainishe idadi hiyo hadi ukingo utoweke. Juu ya meza ya Izimbya alama za usemi hazihitajiwi: kila aingiaye anajua yaliyotokea, na tarakimu hizo tatu, kadiri zinavyolala kwa utulivu, ndivyo zinavyoshitaki. Lakini modeli hiyo hiyo ikipelekwa mbali, ikasimamishwa mbele ya watu wasiojua habari ya mwaka 1996, tarakimu zile zile zitasomwa kuwa ni sifa ya chombo, kama urefu wake na uzito wake. Hapo fundi atapaswa kuweka karatasi ya maelezo kando, ambayo ni ukingo aliouyeyusha akiurudisha kwa njia nyingine. Dikali ni moja, nayo ni kweli mahali hapa na ni uongo mahali pale. Na wale watakao kuihukumu sanaa hii mara moja kwa mahali pote watabaki wakishindana kama watoto na kopo lao.

Lakini kijana huyo hajamaliza. Mama mmoja wa jirani amekuja kuitazama meli, naye ni mtu mzima, aliyefiwa na ndugu katika safari ile. Haangalii jina, wala haangalii kibao. Ameinama akatazama upande wa chini.

"Na hawa wa daraja la tatu, mwanangu, umewaandika wapi?"

Kijana ameshika brashi, na chupa ya maji ya kulainisha iko wazi mbele yake. Angeweza kupiga chapa majina. Kompyuta haingekataa, majina ya Kihaya, ya Kisukuma, ya Kikerewe, kwa herufi ndogo zisizosomeka ila kwa kioo cha kukuzia, yangejaza ukuta mzima wa chini, na mama angefarijika. Na katika alama zote za meli ile, hizo zingelala vizuri kuliko nyingine, kwa sababu utando hauulizi kama jina lina mwenyewe. Lakini hapo asingekuwa ananukuu mtu ye yote. Hapana aliyewahi kuyasema majina hayo. Hayakuandikwa Bukoba wala Kemondo.

"Sikuwaandika, mama," amejibu. "Hawakuandikwa."

Mama ametikisa kichwa, akaketi. Kijana ameifunga chupa, akaosha brashi, na ukuta wa daraja la tatu ameuacha na rangi yake tupu.